Upasuaji wa utumbo kwa matundu madogo: kinachopungua na kisichopungua

Mgonjwa aliyepasuliwa utumbo mpana kwa njia ya matundu, yaani kwa kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye mikato midogo, huamka akiwa na alama nne au tano tumboni, nyingine ndogo kuliko ukucha, pamoja na mkato mmoja wa sentimita 4 hadi 6 ambao kipande cha utumbo kilitolewa. Akilitazama tumbo lake ni rahisi adhani amefanyiwa jambo dogo. Lakini ndani imekatwa mishipa ileile ya damu, umeondolewa urefu uleule wa utumbo, na ncha mbili zimeunganishwa vilevile kama ambavyo zingeunganishwa kwa mkato mrefu wa katikati ya tumbo. Kilichopunguzwa ni jeraha la ukuta wa tumbo. Maswali mengi ambayo wagonjwa na ndugu zao huuliza, kuhusu maumivu, kula, kurudi kazini au hatari ya utumbo kuvuja, hujibika vizuri mtu akishatenganisha mambo hayo mawili: jeraha la ukuta na kazi iliyofanyika ndani.

Jeraha la ukuta nalo si la kudharau. Mkato wa upasuaji wa wazi unaweza kufika sentimita 20 au kuzidi, na unavutwa kila mgonjwa anapopumua, anapokohoa au kugeuka kitandani. Kwa kuogopa maumivu, mgonjwa anapumua juujuu, makohozi yanakwama, nimonia inajipenyeza. Hainuki kitandani, damu inaganda miguuni. Anaongezewa dawa za jamii ya mofini, na dawa hizo zinaulaza utumbo ambao tayari umeshtuka, hivyo tumbo linajaa na anatapika. Jeraha refu pia huota usaha kwa urahisi zaidi, na miezi baadaye huweza kuacha ngiri. Ukiufupisha mkato, mnyororo wote huo unalegea. Faida ya matundu iko hapo, si katika urembo wa kovu.

Magonjwa yanayotibiwa hivi

Kidole tumbo ndicho kilichofungua njia: mwaka 1980, huko Kiel, Ujerumani, Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake, alikiondoa kwa kamera, na wapasuaji wengi wa wakati huo hawakumpongeza. Taarifa za kwanza za kukata utumbo mpana kwa njia hiyo zilitoka mwaka 1991. Leo saratani ya utumbo mpana na ya puru (sehemu yake ya mwisho, juu ya njia ya haja kubwa) ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Kuna pia vifuko vya utumbo mpana vinavyovimba na kuambukizwa mara kwa mara, puru inayotokeza nje, vivimbe vikubwa ambavyo kolonoskopi, kamera inayopitia njia ya haja kubwa, imeshindwa kuvitoa, na utumbo uliojisokota, ambao kwa kawaida hunyooshwa kwanza kwa kamera hiyohiyo kisha hukatwa siku chache baadaye.

Ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, unastahili kutajwa peke yake. Huwapata vijana wengi, hubana sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na hurudi. Mtu anayeweza kupasuliwa mara mbili au tatu maishani mwake ana sababu nzito kuliko wengine ya kutunza ukuta wa tumbo, na pia ya kupunguza makovu ya ndani yanayonatisha utumbo.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Tuchukue saratani iliyo sehemu ya chini ya kushoto ya utumbo mpana, kwa kuwa inaonyesha karibu kila hatua. Mgonjwa hupewa usingizi kamili na mrija wa kupumulia, kwa sababu misuli ya tumbo lazima ilegee kabisa. Miguu huwekwa kwenye vishikizo, mwili hufungwa usiteleze, maana meza itainamishwa kichwa chini na kulazwa upande wa kulia. Mwinamo huo ndio unaosukuma utumbo mwembamba kuelekea kifuani na kuacha nyonga wazi. Hakuna mkono wa msaidizi unaoweza kuufanyia kazi hiyo.

Kuingia tumboni ni hatua fupi yenye hatari yake. Mpasuaji hutumia sindano maalumu ya kupuliza hewa, au hufungua mkato wa sentimita 1 karibu na kitovu na kushuka tabaka kwa tabaka akiona kwa macho. Kwa mtu aliyewahi kupasuliwa, wengi huchagua njia ya pili, kwa kuwa utumbo unaweza kuwa umenata chini ya kovu la zamani. Kutoboa utumbo au mshipa mkubwa katika hatua hii hutokea kwa nadra, lakini hutokea.

Kisha tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, lita kadhaa, mpaka shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Imechaguliwa hewa hiyo kwa sababu haishiki moto, na ndani kutatumika vifaa vya umeme vinavyounguza, tena huyeyuka upesi kwenye damu na kutolewa na mapafu. Povu lake likiingia kwenye mshipa lina madhara madogo kuliko povu la hewa ya kawaida. Gharama yake ni kwamba shinikizo husukuma kiwambo cha kifua juu na kupunguza damu inayorudi moyoni, kwa hiyo daktari wa usingizi ana kazi yake pia. Mabaki ya hewa hukera kiwambo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hutokea shingoni, ndiyo maana mgonjwa anaamka analalamika bega linauma wakati hakuna aliyeligusa. Maumivu hayo huisha ndani ya siku 1 hadi 3. Kutembea husaidia.

Kamera yenye kipenyo cha milimita 10 au 5, mara nyingi yenye lenzi iliyoinama digrii 30, hupita kwenye mrija mmoja. Vifaa hupita kwenye mirija mingine ya milimita 5, na mmoja wa milimita 12 kwa ajili ya stepla. Kwanza hukaguliwa ini na utando wa tumbo kama saratani imesambaa. Halafu utando unaobeba mishipa ya utumbo hunyanyuliwa, na nyuma yake hutafutwa ureta ya kushoto, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo. Mpasuaji makini hafungi mshipa mkuu wa damu wa upande huo mpaka ureta hiyo ionekane na iachwe nyuma. Kuikata bila kujua ni miongoni mwa ajali zinazoogopwa sana katika kazi hii. Mshipa hufungwa karibu na chanzo chake kwa sababu tezi za limfu zimefuatana nao, na tezi hizo ndizo zinazopaswa kutoka pamoja na uvimbe.

Baada ya hapo utumbo huachanishwa na ukuta wa nyuma, na mara nyingi kona yake iliyo chini ya wengu hulegezwa ili upatikane urefu wa kutosha. Ukivutwa kwa nguvu pale, wengu huchanika na kutoa damu nyingi. Lakini ukiachwa mfupi, kiungio, yaani mahali ncha mbili zinapounganishwa, kitakaa kikivutwa, na kiungio kinachovutwa huvuja. Mabishano mengi ya chumba cha upasuaji huwa juu ya sentimita chache hizo.

Chini ya uvimbe utumbo hukatwa kwa stepla inayopiga mistari ya pini za titani pande zote mbili na kupitisha kisu katikati. Ndani kabisa ya nyonga, hasa nyonga nyembamba ya mwanamume, stepla haipati pembe nzuri na hulazimika kupigwa mara mbili au tatu, na kila mara inayoongezeka inaongeza hatari ya kuvuja. Utumbo hutolewa kupitia mkato mmoja uliovishwa kinga ya plastiki, ili vijidudu na seli za saratani zisiguse jeraha. Nje, kipande kibovu hukatwa, kichwa cha stepla ya mviringo hushonewa kwenye ncha ya juu, kisha utumbo hurudishwa. Mwili wa stepla huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, vipande viwili hukutana, hubanwa, hupigwa. Stepla ikitolewa huwa imebeba pete mbili za nyama, na zote mbili lazima ziwe kamili. Mwisho nyonga hujazwa maji na hewa hupulizwa kutoka chini: mapovu yakitokea, kuna tundu la kuzibwa palepale. Hospitali zenye vifaa huchoma pia rangi iitwayo indosianini kwenye mshipa na kuangalia kwa mwanga maalumu kama damu inafika kwenye kiungio.

Matundu yenye milimita 10 au zaidi hushonwa mpaka tabaka gumu la ndani. Likiachwa wazi, kitanzi cha utumbo mwembamba kinaweza kunaswa humo na kuziba siku chache baadaye.

Mkono ulioondolewa

Mpasuaji wa tumbo wazi anautafuta uvimbe kwa vidole. Kwa matundu hagusi chochote isipokuwa kwa ncha ya chuma, na uvimbe mdogo hauonekani kutoka nje ya utumbo. Ndiyo sababu wakati wa kolonoskopi, kivimbe kidogo au mahali kilipotolewa huchorwa wino wa kudumu chini ya utando, kwa kawaida sehemu zaidi ya moja kuzunguka utumbo ili doa lionekane kwa upande wowote. Wino ukikosekana, kuna uwezekano wa kukata sehemu isiyo na ugonjwa na kuuacha ugonjwa mahali pake. Sentimita zinazosomwa kwenye mrija wa kolonoskopi hazitoshi, kwa sababu utumbo hujikunja na kunyooka juu ya mrija kama mkono wa sweta. Mgonjwa aliyeambiwa ana kivimbe kidogo cha kupasuliwa ana haki ya kuuliza: mmeweka alama?

Upungufu mwingine ni wa macho. Kamera huonyesha vizuri sana kile kilicho mbele yake na haionyeshi kitu kingine. Kifaa kinachounguza kikigusa utumbo mwembamba nje ya picha, hakuna anayejua wakati huo. Ukuta uliounguzwa hufa polepole na kutoboka baada ya siku kadhaa.

Je, saratani inaondolewa ipasavyo?

Miaka ya 1990 swali hili lilikuwa zito, kwa sababu ziliripotiwa saratani zilizoota kwenye matundu yenyewe, na wapasuaji wengi walisimama. Jibu lilitoka kwenye majaribio ya kulinganisha wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2004, lenye wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, lilikuta ugonjwa umerudi baada ya miaka 3 kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa matundu na asilimia 18 ya waliofunguliwa tumbo, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Saratani kwenye jeraha ilikuwa chini ya asilimia 1 pande zote mbili. Hofu ile ilitokana zaidi na mbinu mbaya, kama kuuchana uvimbe au kuutoa bila kinga, kuliko matundu yenyewe.

Takwimu mbili za jaribio hilo hazitajwi sana na wanaoitangaza njia hii. Upasuaji wa matundu ulichukua dakika 150 dhidi ya 95, na kukaa hospitali kulipungua kutoka siku 6 hadi 5. Siku moja. Anayeahidiwa miujiza afahamu hilo, ingawa taratibu za leo za kupona haraka zimefupisha muda kwa njia zote mbili.

Kwa saratani ya puru mambo si mepesi hivyo. Puru iko ndani ya nyonga, imezungukwa na mishipa ya fahamu ya kibofu na ya tendo la ndoa, na lazima itolewe pamoja na bahasha yake ya mafuta bila kuchanwa. Mwaka 2015 majaribio mawili hayakuweza kuthibitisha kwamba kipande kinachotolewa kwa matundu ni kizuri sawasawa na cha upasuaji wa wazi, na jaribio la tatu la mwaka huohuo halikuona tofauti katika kurudi kwa ugonjwa. Kwa maoni yetu, hapa uzoefu wa mpasuaji na kituo una uzito kuliko njia iliyotumika. Swali la maana ni mpasuaji huyu hufanya puru ngapi kwa mwaka.

Kubadili na kufungua tumbo

Fomu ya ridhaa daima hutaja uwezekano wa kufungua tumbo katikati ya upasuaji. Katika jaribio lililotajwa ilitokea kwa mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwa wapasuaji wazoefu wa leo huwa mara chache zaidi. Sababu za kawaida ni makovu ya zamani, uvimbe ulioingia kwenye kiungo cha jirani, mafuta mengi ya ndani, damu isiyozuilika, au ureta isiyoonekana. Ndugu husikia habari hiyo kama kushindwa. Si hivyo, hasa ikifanyika mapema: mpasuaji anayetazama dakika 20 za mwanzo na kusema hapa hapafai, amemlinda mgonjwa. Kinachodhuru ni kung'ang'ania saa tatu kisha kufungua kwa sababu damu imetapakaa.

Wapo ambao hawapaswi kuanzishwa kabisa kwa njia hii. Mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeshuka na hatulii hawezi kubebeshwa tumbo lililojaa hewa. Utumbo ulioziba na kufura hauachi nafasi ya kamera, na hupasuka ukishikwa. Moyo au mapafu dhaifu sana huenda visivumilie saa nyingi za kichwa chini. Unene peke yake si kizuizi. Wanene ndio ambao jeraha refu huwatesa zaidi, ila upasuaji wenyewe ni mgumu na mrefu.

Maandalizi

Ambaye ana wiki kadhaa kabla ya siku yake afanye mambo ambayo hakuna stepla itakayomfanyia: aache sigara angalau wiki 4, atibiwe upungufu wa damu kwa madini ya chuma, atembee kila siku, aongeze protini. Aseme kila dawa anayotumia, hasa za kuyeyusha damu, za kisukari na za sindano za kupunguza uzito ambazo huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Siku moja kabla, vituo vingi hutoa dawa ya kusafisha utumbo pamoja na antibayotiki za kumeza. Dawa ya kusafisha bila antibayotiki haijaonyesha faida kubwa. Antibayotiki ya mshipani hutolewa ndani ya saa 1 kabla ya mkato.

Kufunga kula tangu usiku wa manane ni desturi ya zamani isiyo na sababu kwa watu wengi. Chakula kigumu husimama saa 6 kabla, na maji au vinywaji vyepesi visivyo na maziwa huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, isipokuwa kwa mwenye utumbo ulioziba au tumbo linalochelewa kumwaga.

Baada ya hapo

Mpango wa kupona haraka, ambao Henrik Kehlet wa Denmark aliujenga tangu miaka ya 1990, umebadilisha wodi kuliko kifaa chochote kipya. Mgonjwa hunywa jioni ileile, hula chepesi kesho yake, huketi kwenye kiti siku ya kwanza, hutolewa mrija wa mkojo mapema. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli, ganzi ya ukutani na dawa nyingine, mofini ikiwa ya akiba. Wengi wa utumbo mpana huruhusiwa kati ya siku ya 3 na ya 5.

Na hapo jeraha la ukuta na kazi ya ndani huachana njia. Ukuta umepona upesi, mgonjwa anatembea, anataka kwenda nyumbani. Kiungio cha utumbo hakijui kwamba matundu yalikuwa madogo: kinapona kwa mwendo wake, na kikivuja, mara nyingi ni kati ya siku ya 3 na ya 8, yaani wakati ambapo huenda mtu yuko kwake. Kwenye utumbo mpana wa juu huvuja kwa wagonjwa wachache kati ya 100. Karibu na njia ya haja kubwa wanaweza kufika 10 au zaidi, ndiyo maana puru ya chini mara nyingi hulindwa kwa kutoa utumbo mwembamba ukutani kwa muda na kuvaa mfuko, kisha utumbo huo hurudishwa ndani miezi kadhaa baadaye.

Kuvuja hakuanzi kwa kelele. Huanza na mapigo ya moyo kupita 100 bila sababu, tumbo linalojaa upya baada ya kuwa limetulia, hamu ya kula kupotea, homa, kupumua kwa haraka, maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Sheria ya vitendo ni kwamba baada ya matundu kila siku inapaswa kuwa bora kuliko jana, na siku iliyo mbaya kuliko jana ni sababu ya kurudi hospitali, usiku usisubiri asubuhi. Wodini, kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, kikizidi takriban miligramu 150 kwa lita siku ya 3 au ya 4, mgonjwa haruhusiwi kabla ya kuchunguzwa, mara nyingi kwa CT skani.

Nyumbani, asinyanyue mizigo mizito wiki 4 hadi 6. Choo kitakuwa chepesi na cha mara nyingi kwa wiki kadhaa. Waliokatwa puru huweza kukimbilia chooni mara nyingi na kushindwa kubana upepo kwa mwaka mmoja au miwili, jambo ambalo wengi hawaelezwi kabla. Mwenye saratani anaweza kupewa sindano za kuzuia damu kuganda mpaka siku 28.

Roboti huulizwa sana. Mpasuaji huketi kwenye kiti kando na kuendesha mikono ya mashine yenye viwiko vinavyopinda kuliko vifaa vya kawaida, jambo lenye manufaa ndani ya nyonga. Jaribio la mwaka 2017 kwa saratani ya puru lilikuta tumbo lilifunguliwa kwa asilimia 8.1 ya waliofanyiwa kwa roboti na 12.2 ya matundu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa ya bahati. Gharama yake si ya bahati.

Jibu la maabara kuhusu kipande kilichotolewa hufika wiki moja au mbili baadaye, na ndilo linaloonyesha ubora wa kazi iliyofanywa ndani. Mwenye saratani aombe nakala na atazame mambo mawili: kingo ziwe hazina ugonjwa, na tezi za limfu zilizohesabiwa zifike angalau 12. Zikipungua hapo, haijulikani vizuri kama ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi, na daktari wa saratani atalihesabu hilo anapoamua juu ya tibakemikali, ambayo hupendekezwa ianze ndani ya wiki 8.